Barua ya Wito Isiyotaja Kosa

Kila ninapoonyeshwa barua inayomwita mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kosa lenyewe, na mara nyingi silioni. Ya karibuni niliyoletewa na kijana wa jirani yetu hapa Isevya, Tabora, ilimtaka afike Jumatatu kujibu tuhuma za utovu wa nidhamu, bila kueleza alifanya nini, lini, wala alivunja kanuni ipi ya sheria ndogo za wanafunzi. Mama yake aliiona kuwa wito wa kawaida. Nilimweleza kwamba barua ya namna hiyo imekwisha kumpunguzia mtoto haki kabla hajaingia chumbani, kwa sababu hakuna awezaye kuandaa utetezi dhidi ya jambo asilolijua.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, pamoja na haki ya kukata rufani. Kwa maoni yangu, kamati inayoweza kumfukuza mtu masomo ni chombo cha aina hiyo. Hoja yenyewe ni kongwe: mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie msomi wake, Richard Bentley, shahada zake, kwa kuwa kilimvua bila kumpa nafasi ya kujitetea. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Adamu aliulizwa kwanza kabla ya kutolewa bustanini, ingawa, naongeza mimi, aliyemuuliza hakuwa na haja ya ushahidi.

Kamati ya chuo inauhitaji. Mwanafunzi anayetuhumiwa kuingia na karatasi katika chumba cha mtihani anapaswa kuonyeshwa karatasi hiyo na taarifa ya msimamizi mapema, si kusomewa siku ileile na kuulizwa kama ana la kusema. Msimamizi aliyemkamata aje kama shahidi, kisha atoke wenzake wanapoamua. Najua katika vyuo vidogo watu ni walewale, lakini hilo halimpi mlalamikaji kiti cha mwamuzi.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu wakili. Nadhani nguvu nyingi hupotea hapo, kwani kanuni za vyuo vingi haziruhusu wakili kwenye kikao, na mwanafunzi aliyepewa tuhuma na vielelezo kwa maandishi hujitetea vizuri kuliko aliye na msemaji lakini hajui anashtakiwa nini. Nilimshauri kijana aandike barua fupi ya heshima kwa mlezi wa wanafunzi, aombe maelezo ya kosa na muda wa kujiandaa, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Uamuzi ukitoka, audai kwa maandishi ukiwa na sababu zake, maana rufaa hujengwa juu ya sababu. Amalize kwanza ngazi za rufaa za chuo. Zikishindikana, anaweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo, ila maombi ya kibali cha mahakama cha kuleta shauri hilo yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, na wapo wanafunzi wanaoumaliza muda huo nyumbani wakisubiri wazee wakazungumze na mkuu wa chuo.