Nyoka na ngazi walinishinda, beseni la kufulia likaniokoa

Nianze na lawama, maana bado inaniwasha. Kwenye semina moja mwezeshaji alituambia sisi walimu wa huku Pangani kwamba mabadiliko ya tabianchi yanafundishika kwa nyoka na ngazi. Umepanda mti, unapanda ngazi. Umechoma mkaa, nyoka anakumeza. Tukapiga makofi, tukala wali, tukarudi makwetu.

Nikafanya kama nilivyoelekezwa. Nikapasua mfuko wa saruji, nikaukung'uta mpaka nikapiga chafya, nikachora vyumba 100. Watoto wa darasa la sita walifurahi kupita kiasi, na hilo ndilo lililonitia shaka. Hakuna aliyesoma nilichoandika mgongoni mwa nyoka. Macho yote yalikuwa kwenye dadu. Kule nyuma wavulana wakaanza kuwekeana dau la ubuyu. Aliyeshinda alikuwa amekata mikoko njia nzima. Nikamuuliza amejifunza nini. "Kutupa dadu, mwalimu." Halafu binti mmoja, mpole hata sauti yake huijui, akanimaliza: "Mbona nimechoma mkaa nikamezwa mwenyewe? Si ulisema moshi wa wengine ndio unaotuletea sisi maji?"

Basi, nyoka wakafia hapo. Mchezo ule unamwadhibu mkosaji, tena kwa bahati tu. Hewa haina adabu hiyo. Kaboni dioksidi ikishatoka kwenye bomba la gari la Chicago inasambaa dunia nzima, na sehemu yake hukaa angani mamia ya miaka.

Nikaunda wa kwangu. Beseni la kufulia, mchanga wa ufukweni umerundikwa katikati, juu yake vifuniko vya soda ndiyo nyumba, kila kundi na yake. Kisiwa tukakiita Maziwe, kwa kuwa hapa kila mtoto anakijua: babu zao walipumzika kwenye kivuli cha mivinje kule, leo ni fungu la mchanga linalomezwa maji yakijaa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo yasifunikwe na bahari.

Makundi ni nchi. Kila zamu unachagua: washa kiwanda upate komwe nne, lakini umwage maji ndani ya beseni, au usiwashe, upate moja. Nyumba yako ikielea, unalipa komwe kuijenga juu zaidi. Ujanja wote upo kwenye chombo cha kumwagia. Marekani niliwapa kikombe cha chai, Tanzania kifuniko cha soda. Sikuwaeleza sababu. Nilikaa kwenye kona na daftari langu kama msimamizi wa mtihani.

Zamu chache tu, Tanzania nzima imesimama juu ya madawati: "Wanatumalizia kisiwa!" Marekani wakajibu kwa utulivu wa tajiri, "Si na nyie mmemwaga?" Ndipo nikaandika ubaoni: Mmarekani mmoja kwa mwaka, takribani tani 14 za kaboni dioksidi kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania hata nusu tani hafikishi. Nyumba ya Tanzania ikaelea, komwe zikawaishia, wakadai wenye kikombe wawalipie. Baada ya mabishano marefu Marekani wakatoa komwe moja, yenye ufa. Nikawaambia wakubwa nao walibishana hivyohivyo kwa miaka, hadi 2022 kule Sharm el-Sheikh, Misri, walipokubali kuanzishwa kwa mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. "Wameweka komwe ngapi?" Pungufu sana ya hasara yenyewe, nikasema.

Komwe nimesema, si njugu. Mwenzangu wa darasa la tano alitumia njugu, uchumi wa China ukaliwa kabla ya kengele.

Jiandae pia na swali la Kilimanjaro. Lazima litaulizwa: theluji ile ikiisha, tutazama? Hapana, ni kidogo mno kwa bahari. Bahari inapanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na kwa sababu ya kuyeyuka kwa barafu iliyo juu ya nchi kavu, kama ya Greenland na Antaktika. Ya Greenland pekee ikiyeyuka yote ni kama mita 7. Omba vipande vya barafu kwa wavuvi: kimoja kielee, kingine kiweke juu ya jiwe, kila kimoja kwenye bakuli lake lenye alama ya maji. Wataona wenyewe bakuli lipi linapanda.

Gharama? Karibu hakuna. Beseni ni la nyumbani, na mwenye nalo bado analiulizia.

Aliyenitoa jasho ni mzee mmoja mvuvi, alikuja kuuliza kwa nini mjukuu wake anarudi kaptula mbichi. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha beseni. Akalitazama. "Mwalimu, Maziwe tusiwasingizie Wamarekani peke yao. Mivinje ilikatwa." Ana haki, ilikatwa kweli, na mchanga usio na mizizi bahari haiubembelezi. Nikaongeza sheria: kwa komwe mbili unanunua kishada cha nyasi chenye mizizi, unakipanda kisiwani. Pale penye nyasi mchanga unameguka polepole, hata ukimwaga kwa kikombe.

Kipindi kilichofuata Marekani wakanunua nyasi zote, wakazipanda kuzunguka nyumba yao tu. Hilo sikuwafundisha mimi.