Datsun ya baba mdogo

Mwaka ule baba mdogo alikuwa akitoka na Datsun yake saa kumi na moja alfajiri, kabla daladala hazijajaa barabarani, na kuirudisha usiku. Gari lile, 240Z ya rangi ya chungwa, halikuvumilia foleni. Ukitoka Arusha kwenda Moshi, kilomita kama 80, sindano ya joto ilitulia katikati hata ukikanyaga mafuta kwelikweli. Ukirudi mjini ukakwama nyuma ya daladala pale Sanawari dakika kumi, sindano inapanda, inapanda, mpaka mvuke unatoka chini ya boneti na watu wanaanza kukupigia kelele usogee.

Lilimuuma sana. Alikuwa amelinunua likiwa karibu gofu, kwa ajili ya kile alichokipenda tangu utotoni, enzi za mashindano ya magari ya East African Safari. Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta mwaka 1973, na baba mdogo aliwataja hao kama mtu anavyowataja wajomba zake. Sasa gari lililoshinda vile lilikuwa linashindwa na foleni ya Arusha.

Mafundi watatu walilishika, na wote watatu walitibu maji. Wa kwanza aliizibua rejeta. Wa pili alifunga waterpampu mpya. Wa tatu aling'oa themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa, dawa ambayo kwetu imezoeleka na ambayo mpaka leo nainung'unikia. Asubuhi za baridi injini ikawa haipati joto lake, inakunywa petroli ovyo, na pale Sanawari likaendelea kuchemka vilevile.

Desemba tulikwenda nalo Moshi kwa ajili ya Krismasi, na mtu akatuelekeza kwa mzee mmoja wa mtaa wa Pasua aliyefanya kazi chini ya mwembe.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Linachemka likiwa wapi?”

“Kwenye foleni. Njia kuu halina shida.”

“Basi rejeta ni nzima. Ingekuwa imeziba, lingechemka mkiwa mbio. Likikimbia, upepo unakuja wenyewe. Likisimama, nani anauvuta?”

Sikuwahi kusikia fundi akiuliza hivyo. Aliliacha lingurume mpaka likapata moto, akanipa gazeti, akaniambia nilishikilie mbele ya rejeta kisha niliachie. Lilipaswa kunata pale kwa nguvu ya feni. Lilianguka miguuni pangu.

Akazima injini, akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, nyepesi kama kishada cha mtoto. “Nzima ingegoma mkononi,” alisema. Feni ya gari lile haikazwi moja kwa moja. Katikati ina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na joto la rejeta likiipiga, mafuta yale ndiyo yanayoishika feni ili izunguke na injini. Mafuta ya yetu yalikwisha kuvuja. Alama nyeusi ya grisi ilikuwa pale pale usoni mwa klachi, na mafundi watatu walikuwa wameipita.

Halafu akauliza kava la feni liko wapi. Hatukujua kama liliwahi kuwepo. Bila kava, alieleza, feni inarudia kuchezea hewa ileile ya moto iliyo upande wa injini badala ya kuivuta ya nje ipite kwenye rejeta.

Klachi iliyotumika ilipatikana kesho yake kwa wauza vipuri. Alipima matundu ya bolti mara tatu kabla ya kuruhusu tulipie. Taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ilikuwa imechelewa, akairekebisha haraka tu. Themostati ya nyuzi 82 aliirudisha, baba mdogo akipinga kidogo. Mfuniko wa rejeta aliubonyeza, springi ikalegea, akautupa na kuweka mwingine: Arusha iko juu, kiasi cha meta 1,400, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo ule mgandamizo wa mfuniko ndio unaoyazuia yasichemke mapema.

Lakini kava ndilo lililochukua siku nzima, na ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi. Alikata bati, akalipinda kwa nyundo ya mbao kwenye ukingo wa pipa, akalijaribu, akalitoa, akalipinda tena. Alitaka mabawa ya feni yakae nusu ndani ya kava na nusu nje, na nafasi pembeni isizidi upana wa kidole gumba, kwa sababu injini hutikisika na bati likigusa feni ni hasara. Mapengo yote ya kando ya rejeta aliyajaza vipande vya sponji. Jioni nililishika gazeti tena. Lilinyakuliwa mkononi mwangu likanata kwenye rejeta.

Tulirudi Arusha baada ya sikukuu, wakati kila mtu anarudi. Kuanzia Tengeru magari yalikuwa yamesimama. Baba mdogo angeweza kusubiri Usa River mpaka usiku, kama zamani. Aliingia kwenye foleni. Sindano ilipanda kidogo, ikasita, nikasikia feni ikivuma kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari lile, na sindano ikarudi katikati. Daladala moja ikataka kuingia mbele yetu. Akaipisha. Akaipisha na ya pili, na lori la ndizi, huku mkono wake umelala juu ya usukani.

“Tuna haraka gani, mwanangu?” akasema.