Siku ya mechi: mbeba mfuko wa jezi na ndimu saba

Saa 11 alfajiri

Jezi bado mbichi mikononi. Hapa Tanga ukianika usiku, upepo wa bahari unakurudishia maji uliyokamua. Nazihesabu kambani: kumi na nane, na bukta zake. Namba 7 nimeificha nyuma ya khanga za mama watoto.

Mwenye namba 7, winga wetu, alifunga mechi mbili mfululizo, akanishika mkono: "Kaka, hii usiifue mpaka ligi iishe." Nikaitikia. Jana usiku nikaifua. Ilikuwa inanuka kama dagaa waliolowa mvua, na mfuko ni mmoja, wenzake kumi na saba wamekosa nini? Ila sijamwambia mtu. Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu hii ya mtaani, na najua jezi iliyofuliwa inaweza kunitafutia nini tukifungwa.

Saa 1 asubuhi

Mbaazi za nazi, maandazi mawili, kisha kahawa kijiweni Ngamiani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mgosi. Leo mnacheza?"

"Tunacheza."

"Mmeshafanya?"

Hakuna anayeuliza kufanya nini. Nchi nzima inajua maana ya "kamati ya ufundi", na haihusiani na mwalimu wala mazoezi.

Babu ni Coastal Union damu, hana kikombe cha kahawa kisichopitia 1988, mwaka Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa wa Bara. Anaapa kwamba mwaka ule "watu walifanya kazi". Kinyozi wa jirani, African Sports huyo, anamjibu kwamba kazi waliifanya wachezaji. Mimi nikauliza swali langu la kila siku: timu za mbali zinafunga safari kuja kutafuta mafundi Tanga, sasa mbona tangu 1988 ubingwa huo haujarudi hapa? Babu akasema waganga wa siku hizi wana tamaa. Hoja ya namna hiyo huishindi.

Nikamtolea ya Bamako. Kombe la Mataifa ya Afrika 2002, nusu fainali, Mali mwenyeji na Kamerun. Kabla ya mpira kuanza polisi wakamkamata Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Kamerun, kwa madai ya kuweka hirizi uwanjani. Kamerun ikashinda 3–0, ikaenda kubeba na kombe. "Si unaona!" babu akapiga goti. "Hirizi ilishaingia!" Kinyozi naye: "Si unaona! Bila kocha wa makipa hawakufungwa hata moja!" Nikalipa kahawa yangu.

Saa 3

Mwenyekiti kanituma soko la Mgandini: ndimu saba, nazi moja isiyo na ufa, ubani. Kwenye daftari la mweka hazina vitu hivi vinaitwa "maandalizi". Mipira ya mazoezi tunayo miwili, mmoja una kidonda. Hiyo haina jina kwenye daftari.

Muuza ndimu akinisikia nataja saba hucheka. "Mechi ya wapi leo?"

Saa 6

Adhuhuri, wali, maharage. Ustadhi akatusomea fatiha, nyuso za vijana zikatulia. Hilo sina neno nalo.

Saa 8 na nusu

Tumefika uwanjani, hatuingii. Mwenyekiti kapata habari kwamba wenzetu wamemwaga kitu langoni. Basi timu nzima ikazunguka nyuma kwenye mkorosho, tukapenya ukutani palipobomoka, mimi na mfuko kichwani. Kamisaa wa mechi alikuwa amesimama palepale na kalamu yake. Simba na Yanga zimeshapigwa faini kwa kuingia kwa milango isiyo rasmi, lakini wao wana wadhamini. Sisi faini yetu itatoka kwenye nauli.

Saa 9 na robo

Chumba cha kubadilishia nguo ni darasa la tatu, meza zimesukumwa pembeni. Kila mtu na lake. Mshambuliaji anavaa kiatu cha kushoto kwanza. Beki wa kati lazima ambusu kipa upara, kama Laurent Blanc na Fabien Barthez kwenye Kombe la Dunia la 1998, ingawa upara wa kipa wetu ni wa wembe. Beki wa kushoto hatoki mpaka wote watoke. Nikamkumbusha Kolo Touré, naye alitaka kutoka wa mwisho: mwaka 2009, Arsenal na Roma, alimngoja beki mwenzake Gallas aliyekuwa anatibiwa, Arsenal ikaanza kipindi cha pili na watu tisa, na Touré akala kadi ya njano kwa kuingia bila ruhusa. Akanisikiliza vizuri, halafu akatoka wa mwisho.

Haya siyagombi. Mtu akibusu upara moyo ukatulia, amemdhuru nani? Ninayoyaogopa ni yale yanayotaka jina la mtu.

Msimu uliopita tulifungwa tatu mfululizo. Ikapigwa ramli. Jibu likaja kwamba kuna mchezaji "ameshika timu". Nikaamriwa nimwage mifuko ya wote sakafuni, na nikaimwaga kweli. Kwa namba 11, kijana wa miaka kumi na tisa, ikadondoka hirizi ndogo aliyovalishwa na bibi yake akiwa mtoto, degedege lilikuwa likimsumbua. Alijieleza mpaka sauti ikakauka. Mmoja akasema asomewe halbadiri. Hakurudi tena mazoezini. Mechi mbili zilizofuata tukafungwa pia, na hakuna aliyerudi kumwomba radhi. Mimi nikiwamo.

Tangu hapo namba 11 haivai mtu. Naifua tu.

Saa 10 jioni

Mpira umeanza. Dakika ya 20 mshambuliaji wao kaona taulo la kipa wetu kwenye nyavu, kalinyakua na kulitupa nje ya uwanja. Ni taulo la kufutia jasho, nililinunua mwenyewe. Ngumi nusura zirushwe, refa kasimamisha mpira dakika nzima kwa ajili ya taulo.

Tukafungwa moja. Mwenyekiti akaligeukia benchi zima akitutazama mmoja mmoja. Nilihisi ile sabuni inanuka mpaka kwangu.

Kipindi cha pili beki wetu wa kushoto akapandisha krosi mbili, zote zikamkuta namba 7. La kwanza kichwa, la pili goti. 2–1. Kijana alikimbia mpaka kwangu, akaivuta jezi na kuibusu: "Nilikwambia, kaka! Usiifue!"

Nikasema siifui.

Saa 1 usiku

Wamepanda gari wakiimba, mimi na mfuko hatukupata nafasi. Nikaita bodaboda. Iliyosimama, dereva wake alikuwa ni yeye, namba 11 wa msimu uliopita.

"Shikamoo kaka. Mmepataje?"

"Marahaba. Mbili moja."

Akaupokea mfuko, akauweka mbele kwenye tangi. Tulifika karibu na Makorora ndipo akasema, bila kugeuka:

"Na mngefungwa, leo zamu ingekuwa ya nani?"

"Yangu," nikasema. Nikamweleza habari ya jezi kufuliwa. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

Nilipompa nauli hakuipokea. Nikamwambia yale ya mifuko, kwamba nilikosa, tena nimechelewa kusema. Akanyamaza kidogo. "Ile jezi yangu bado ipo?"

"Ipo. Safi."

"Haya, kaka. Usiku mwema."

Saa 3 usiku

Beseni mbili, sabuni ya unga. Nimeanza na namba 7.