Mustari yenye haionekane

Jumapili mutoto yangu wa mwisho alivuta DVD ya dote, sherehe ya mahari ya yaya, kwenye kartoni ya chini ya kitanda, akapuliza vumbi, akaiweka kwa lekta, njo vile tukakaa kuangalia, miye na sahani ya sambaza kwa magoti, yeye kwa mukeka. Ilienda muzuri mupaka pale baba mukubwa anasimama na fimbo yake. Akaongea, akaongea. Mutoto akanigeukia: "Papa, huyu koko iko naongea murefu hivi lakini kule chini kuko maneno tatu tu. Juu ya nini?"

Nikamwambia Mashi, luga ya kwetu, iko vile, inapenda maneno mingi. Uongo mutupu.

Ilikuwa 2011. Bakwe ni batu ba Lubumbashi, batatu tu njo balifika Bukavu, juu ndege ni bei na barabara ya kwenda kule munaijua wenyewe. Mama-mukwe alikuwa anaumwa miguu, akasema mutatutumia video. Shida ni kwamba sherehe karibu yote ilikuwa Mashi, na kule Katanga nani anasikia Mashi? Yaya akaniangalia miye, juu njo miye nilikuwa nafanya montaje ya bandoa pale Nyawera. Weka sutitre ya Kiswahili, maandishi ya kutafsiri kule chini, akasema, sawa vile kuweka chumvi.

Na kweli ni chumvi. Kuko sutitre yenye inakaa pembeni ya video, mutu anaifungua na telekomande akitaka, na kuko ile unachoma ndani ya picha yenyewe, ikishaingia imeingia, hakuna wa kuitoa kwa supu tena. Nilichagua ya kuchoma. Lekta za kwetu nazijua, telekomande njo kitu ya kwanza kupotea.

Programu zote za bure, nilizivuta kwa siberi: Aegisub ya kuandika na kupanga saa ya kila sentensi, VirtualDub na filta yake ya VSFilter ya kuchoma maandishi, kisha DVD Flick ya kugeuza yote kuwa MPEG-2, aina ya video ya DVD, na kuandika kwa disiki. Kaseti ya MiniDV ya saa moja inakula karibu giga 13, kwa hiyo nilifuta nyimbo zangu zote, sitasema ngapi. Mara ya kwanza niliweka maandishi chini kabisa, kwa ordinatere inaonekana safi, kwa televizyo ya mama, ile ya mugongo murefu, nusu ikakatwa, juu televizyo za zamani zinameza kingo za picha. Nikapandisha. Mara ya pili umeme ikaenda kazi ikiwa karibu kuisha. Mara ya tatu yaya akakataa neno "bugali", eti kwa bakwe ni "bukari", banaweza kutucheka. Kila kuchoma ni saa tano ao sita kwa ile mashini yangu, na herufi moja ikikosea unaanza upya.

Ile usiku sasa. Umeme ilirudi saa saba ya usiku, nikaamuka mbio. Nilikuwa nimebakiza hotuba ya baba mukubwa. Kwa Aegisub sauti inaonekana sawa vilima vidogo, unashika mwanzo, unashika mwisho, unasikiliza, unarudisha, unasikiliza tena mupaka saa ikae sawa na mudomo. Sikuwa na ekuta ya masikio, sauti ilikuwa inatoka kwa spika ndogo ya ordinatere, na kati yangu na kitanda ya mama ni rido tu. Sentensi moja nilirudisha labda mara ishirini, juu sikuamini. Ile siku yenyewe hakuna mutu aliisikia, bamama balikuwa banapiga vigelegele, bababa bako kwa kasiksi, pombe ya ndizi, lakini mikro ya kamera ilikuwa karibu naye.

Alisema hivi: ng'ombe nimezihesabu mbele yenu na zimetimia. Lakini kuko shamba moja kule Kabare yenye nilihesabu kuwa yangu, na mwenyewe alikuwa ameshalala chini ya udongo, na mujane wake iko hapa.

Mujane wake ni mama. Ile siku mama alikuwa nyuma, kwa masufuria.

Nikasikia rido inasogea. Alikuwa amejifunga kitenge kwa kifua, kichwa wazi, sijui alisimama pale tangu mara ya ngapi. Akasema: "Rudisha." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Akaangalia ile sura ya baba mukubwa imesimama kwa ekra mudomo wazi, akauliza: "Alikuwa amekunywa?"

"Sijui, mama."

Kukawa kimya, tunasikia tu feni ya mashini.

"Andika anashukuru bageni."

"Lakini mama, amesema mwenyewe..."

"Bakwe balikuya kuchukua muke. Habakukuya kuchukua shamba."

Nikaandika: Tunashukuru bageni bote. Sekunde kumi na tisa maneno tatu. Mama akangoja mupaka akasoma, akasema rudisha mara moja ya mwisho, hapo hakuangalia ekra, alisikiliza tu, akarudi kulala. Ao kulala macho, sijui.

DVD ikapanda ndege. Mama-mukwe akapiga simu kutoka Lubumbashi kusifu, eti yule muzee wenu ni mutu wa hekima, hana maneno mingi. Baba mukubwa alikufa 2014. Shamba bako nalima batoto bake mupaka leo. Kaseti yenyewe tulirekodia ndoa ingine juu yake, njo vile tulikuwa tunafanya, kaseti mpya ilikuwa pesa.

Lakini faili ya maandishi bado niko nayo kwa kle USB moja ya zamani. Sikufuta ile sentensi. Niliigeuza tu kuwa mustari wa maelezo, Aegisub inaruhusu, unabaki mule ndani lakini kwa picha hauonekane. Jana usiku niliifungua na Notepad: mistari yote inaanza na neno Dialogue, mumoja tu unaanza na Comment. Nikausoma. Nikafunga.

Asubuhi mama alipiga simu na mutoto akamuuliza yeye, miye niko nanawa uso nasikia yote. Kule upande mwingine kukawa kimya murefu, nikafikiri rezo imekata.

"Koko amesema anashukuru bageni," mutoto akaniambia. Kisha akaenda kwa lekta, juu telekomande ilishapotea, akabonyeza kurudisha nyuma, na baba mukubwa akaanza tena.