Datsun 240Z: kipi kibaki ojino, kipi kibadilishwe

Injini ya Datsun yangu imerudi mahali pake, na ubishi nao umerudi. Kila anayeingia gereji hapa Ilala na kuiona ananishauri kitu kimoja: "Kaka, toa hiyo, weka 1JZ, injini ya Toyota Mark II, umalize kazi." Wana hoja. 1JZ zipo, spea zake unazipata Gerezani, na mafundi wanaijua. Lakini 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, na moyo wake ni hii hii L24, silinda sita, lita 2.4. Ukiing'oa umebaki na bodi nzuri tu. Injini haitoki.

Kabureta nazo hazitoki, zile Hitachi mbili. Watu wanazikimbia kwa sababu mafundi wanaojua kuzitega wamekuwa adimu. Nilizifungua mezani, nikasafisha pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kila kabureta, kwa petroli na kitambaa laini, msasa marufuku, maana ukiikwangua kidogo tu haikai sawa tena. Ukimaliza, unaiinua kwa kidole na kuiachia: inatakiwa ishuke yenyewe mpaka igonge chini, tok! Ya nyuma ilikuwa inakwama katikati. Ukuta wa chemba yake ulikuwa na utandu mgumu wa petroli ya zamani. Nikausugua kwa kitambaa mpaka ukaisha, na sasa zote mbili zinagonga sawasawa. Mlio huo ulinifurahisha kuliko rangi mpya.

Kwenye umeme sina ubishi. Kwenye gari hizi umeme wa taa za mbele unapita wote kwenye swichi ya pale usukani, na kwa umri huu swichi inapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Tumeweka relei, vile vikatio vya umeme vinavyobeba mzigo wa taa, swichi sasa inaziamrisha tu. Ndani ya distribyuta, inayogawa moto kwenye plagi, tumeondoa vile vyuma viwili vya kugusana, tukaweka moduli ya elektroniki. Nissan wenyewe walihamia huko kwenye Z zilizofuata. Feni ya umeme nayo imeingia. Ya asili inazungushwa na injini, sasa ukikwama foleni ya Ubungo jioni, injini inazunguka polepole, feni inavuta upepo kiduchu, na mshale wa joto unapanda.

Vyote hivyo vimefungwa kwa bolti na vinatoka bila kuacha alama. Kiyoyozi ndicho kinaniumiza kichwa. Joto la Februari hapa Dar mnalijua, ila fundi anataka kutoboa bati kati ya injini na miguu ya dereva. "Matundu mawili tu, bosi." Nimemwambia asubiri kwanza.

Kinachofuata ni kutu. Bati la chini ya betri limeoza, na hapo ndipo pekee nimeruhusu msumeno: kitolewe kilichooza tu, kichomelewe kipande cha unene ule ule, na mshono upite palepale ulipopita wa kiwandani.