Ute mwekundu kwenye kisima chetu Mumias

Kilichotuaibisha kwanza ni chai. Shemeji yangu alikuja Pasaka, nikamwekea chai ya rangi, ikageuka nyeusi kama wino. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi. "Mama Junior, hii ni chai ama dawa ya minyoo?"

Maji yenye chuma yakikutana na majani ya chai hufanya hivyo. Wakati ule sikujua. Nilichojua ni kwamba mashati ya shule yalikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, nami nikayaloweka kwenye Jik. Kosa hilo! Jik huifanya ile chuma iwe kutu palepale kwenye uzi, doa likakaa kabisa. Baadaye niliyaokoa machache kwa limau na jua.

Siku moja choo kiligoma kujaza maji. Nikafunua kitangi chake: ute mzito wa rangi ya kutu umening'inia kama makamasi ya mtoto, na harufu ya kinamasi. Juu ya maji ya kisima nako kulikuwa na utando unaong'aa. Mume wangu akaapa ni dizeli ya matrekta ya miwa. Fundi tuliyemwita akachota ndoo, akaugusa utando kwa kijiti. Ukavunjika vipande vipande kama barafu nyembamba.

"Dizeli ingerudi kuungana, mama. Hawa ni bakteria wa chuma, wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi kwa chuma iliyo majini na kutengeneza ute huu. Pampu mliitoa lini?"

Januari. Mabomba yalilala siku mbili kwenye matope kando ya zizi, tukayarudisha vivyo hivyo. Nilinyamaza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiharakisha watu.

Alisema bakteria hao kwa kawaida hawaleti ugonjwa, ila huziba pampu na mabomba. Nilikuwa nimeosha tangi la juu mara tatu, na kila mara ute ulirudi. Bure tu, kiota kilikuwa chini.

Kazi ilichukua siku tatu. Pampu ilitolewa na kulazwa juu ya turubai safi. Maji yalipopunguzwa, fundi alishusha kwanza mshumaa uliowashwa kupima hewa, akafungwa kamba na vijana wawili wakaishika juu, ndipo akashuka kusugua kuta kwa brashi ngumu. Hapo ndipo penye kazi, maana klorini haipenyi ute mnene. Inaua wa juu, wa ndani wanabaki. Jirani alishauri tuchanganye na siki iume zaidi. Fundi alikataa kata kata: vikichanganyika hutoa gesi ya kuua mtu.

Kisima kilipojaa tukapiga hesabu: upana mita 1.2, kina cha maji mita 4, yaani kama lita 4,500. Klorini ya unga ya asilimia 65 ikaingia kilo moja na nusu, imekorogwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki. Tukayazungusha maji kwa mpira, yanatoka kwenye pampu na kurudi kisimani, tukiosha kuta nayo, kisha tukafungua kila mfereji nyumbani mpaka ukanuka klorini. Tukafunga saa 24. Watoto walioga kwa jirani. Kesho yake maji yakamwagwa mtaroni, mbali na sukuma wiki na shimo la choo, hadi harufu ikaisha.

Chuma yenyewe haikwenda popote, klorini haiiondoi. Kwa hiyo sasa maji humwagika kwanza juu ya trei ya kokoto ili yapate hewa, yakapita kwenye mchanga, ndipo yaingie tangini. Mchanga ule naukosha mwenyewe, na rangi inayotoka ni ya matofali.

Oktoba niliuona ute tena kwenye kitangi cha choo, mwembamba kama utando wa uji. Tukatia klorini kabla haujanenepa, bila mtu kushuka.

Desemba shemeji akaja. Alichungulia kikombe kwanza, akakinusa, ndipo akaomba sukari.