Kapika uji

Leo siku ya nne na bado naisikia. Nikiosha vyombo naisikia, nikibandika maji naisikia. "Mama Rehema kapika uji."

Ilikuwa Jumamosi jioni, barazani. Wifi kaingia toka Tanga na kiroba cha machungwa ya Muheza. Majirani walipita kumsabahi Baba Rehema, mume wangu, aliyetibiwa Chennai, India, wakakaa kule mwisho na barakoa zao kama nilivyowaomba. Jirani mmoja akasema, wala hakuwa na neno, "Mama Rehema, mwenzetu umemtoa mbali mumeo." Sijafungua mdomo kusema alhamdulillah, wifi akadakia huku anajipepea na pindo la kanga: "Mama Rehema kapika uji. Damu nimetoa mimi."

Watu wakacheka. Baba Rehema akacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, kisha nikaingia ndani kuchukua vikombe ambavyo hakuna aliyeviomba.

Mnaonijua mnajua kitu kama hiki sikiachi. Nimeshamjibu wifi mara arobaini, kichwani. Mwanzo nilimjibu kwa upole. Kufika Jumapili usiku nikawa namjibu kwa hesabu. Wifi, Chennai ulikaa wiki tatu, na nyingi zilikuwa za vipimo. Uloto wa kumwekea Baba Rehema, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, walikutoa nyongani ukiwa usingizini, ulipozinduka ukauliza kama kuna chai. Mimi nimebaki huko miezi minne. Halafu unakaa barazani kwangu, mbele ya watu, unasema uji!

Tatizo ni kwamba hajasema uongo. Katika ndugu sita aliyeendana na Baba Rehema ni yeye peke yake, na uji nimepika kweli. Kile chumba tulichopanga jirani na hospitali kilikuwa na jiko la sahani moja, na dukani nilikuwa naongea kwa vidole. Siku moja nikaona mfuko wa unga wa rangi ile ya udongo wa kijivu, nikaunusa. Ulezi! Wenyewe wanauita ragi. Nikalia pale pale, mwenye duka akadhani bei imenishinda, akanipunguzia.

Basi ukawa ndio uji. Sufuria nachemsha kwanza kwa maji matupu, kijiko namwagia maji yaliyotokota, uji utokote mpaka mkono uchoke, na usiponyweka ndani ya saa moja unamwagwa, kiporo hakuna. Chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa, zilikuwa zimeshuka mpaka 0.1, karibu na hakuna, mdomo wake vidonda mpaka kooni. Manesi walitaka kujua kila kilichoingia na kila kilichotoka, kwa hiyo nikawa naandika kwenye daftari la hesabu la Rehema nililolibeba kwa bahati mbaya. Asubuhi vijiko 6, vimerudi 4. Mchana hakuna. Jioni vijiko 3, vimekaa.

Hilo "vimekaa" nimelipigia mstari mara mbili. Daftari liko kwenye droo ya kabati. Jumapili nililitoa, nikafika nalo mpaka mlango wa chumba alicholala wifi. Nikalirudisha.

Katikati ya hayo Jumatatu tulikwenda kliniki, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimefika 172, ziko sawa, dozi haijabadilika. Na kundi la damu la Baba Rehema, lililokuwa A tangu azaliwe, limesoma O. La wifi. Tulishaambiwa kule kule kwamba hata vinasaba vya damu yake vikipimwa vitasoma vya mwanamke, na yeye ndiyo ikawa stori yake kwa kila anayemtembelea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasoma ile karatasi, nikajiona hata maabara imehamia upande wa wifi.

Jana usiku sasa. Saa nane hivi nimetoka chumbani kunywa maji, nikamkuta wifi jikoni, gizani, kakaa kwenye kigoda.

"Joto limepanda?"

"Halijapanda, wifi. Nina kiu tu."

"Nikisikia mlango wenu moyo unaruka." Akanyamaza. Nikajaza glasi. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka aliposema, "Siku ile ulinipigia simu, ukaniambia, wifi, damu yako inamshambulia."

Nikakaa chini, hapo hapo sakafuni.

Ilikuwa siku ya 38 tangu Baba Rehema awekewe uloto. Upele ulianza viganjani na kwenye nyayo, zikawa nyekundu kama kakanyaga makaa. Daktari akatueleza, na nilikuwa naelewa kwa taabu, kwamba chembe za aliyetoa zinaweza kumwona aliyepokea ni mgeni zikaanza kumpiga, na kwamba dawa zipo. Nikapiga simu Tanga. Kwetu saa tano na nusu usiku, kwao saa tatu. Nilitaka tu mtu wa kumwambia.

"Nilisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kisha simu ikakatika."

Salio liliisha, nakumbuka. Neno la kwamba dawa zipo sikulifikia. Nilipompigia tena ilikuwa siku tatu baadaye, upele umeanza kutulia, nikazungumzia hela.

"Nilifunga siku zote tatu," akasema. "Nikamfuata sheikh nikamuuliza, damu inaweza kuweka kinyongo?" Akacheka kidogo, si kile kicheko cha barazani. "Lile kovu la mkononi mwake ni mimi. Pasi ya mkaa. Yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na minne. Kakwambia nini?"

Kaniambia bomba la moshi la pikipiki. Miaka kumi na moja ya ndoa nalijua kovu la pikipiki.

Sikujua niseme nini, na yeye hakuonekana anangoja neno. Nikabandika chai ya rangi, tukanywa, akanisimulia jinsi marehemu mama yao alivyolipaka lile jeraha asali. Habari ya uji hakuigusa. Mimi pia sikuigusa, ingawa nakiri ilikuwa imenikaa kwenye ncha ya ulimi mpaka chai ikaisha.

Asubuhi hii nimeamka nimemkuta amesimama juu ya sufuria yangu na mwiko. Kaonja. "Wifi, uji wako mwepesi." Nikaongeza unga. Baba Rehema, ambaye mpaka mwezi uliopita kila kitu kwake kilikuwa na ladha ya msumari, kaunywa akauliza nani katia sukari nyingi. Tukatazamana, mimi na wifi, hakuna aliyejibu.

Anaondoka kesho na basi la asubuhi. Nikaenda uani kuanua kanga zake, na hapo ndipo nilipotazama juu: mnazi wa jirani wa nyuma umezidi kulalia paa letu, kile kichala cha nazi kiko juu kabisa ya chumba cha Rehema. Masika ndiyo hayo yanaingia. Mwenye mnazi nilishamwambia mwaka juzi akanuna, akasema mnazi huo ni wa marehemu baba yake. Sijui safari hii nimtume nani.